Ali na Inoki: Pambano Lililozomewa kwa Kuwa la Kweli

Waandishi wa michezo, wa kwetu na wa ng'ambo, wana neno moja walilokubaliana kila wanapolitaja pambano la Muhammad Ali na Antonio Inoki: kichekesho. Wenye ndimi kali zaidi husema aibu. Hata wakubwa zetu wa Pwani, waliotundika picha ya Ali ukutani kando ya picha ya Al-Kaaba, walipofikia habari za Tokyo walikohoa wakageuza mazungumzo. Mimi nilikuwa mtoto wa chuo nikisikiliza barazani, juzuu ya Amma kwapani, nikafahamu kwamba bingwa wetu alikuwa amefanya jambo lisilotajwa mbele za watu.

Leo nataka kulitaja. Pambano lile watu walilizomea kwa sababu walilipa kiingilio ili watazame maigizo, wakaonyeshwa ukweli, na ukweli ule haukuwa na mapambo yoyote. Kosa la nani hilo?

Tuanze na mambo yenyewe, kwani wasomaji wengi walikuwa hawajazaliwa. Pambano lilifanyika tarehe 26 Juni 1976 katika ukumbi wa Nippon Budokan, mjini Tokyo. Ali ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia wa ndondi za uzito wa juu, taji alilolirudisha Kinshasa mwezi wa Oktoba 1974 alipomwangusha George Foreman. Inoki alikuwa mwanamieleka wa kulipwa mwenye jina kubwa Japani. Alizaliwa Yokohama mwaka 1943, akahamia Brazil na jamaa zake angali mvulana, akatoka jasho katika mashamba ya kahawa, mpaka Rikidozan, aliyekuwa kama baba wa mieleka ya Wajapani, alipomwona huko na kumrudisha kwao mwaka 1960. Mwaka 1972 akaanzisha kampuni yake mwenyewe, New Japan Pro-Wrestling.

Mieleka ya kulipwa ya siku zile haikuwa kama hii ya leo, ambapo kampuni moja ya Marekani huonekana kwenye televisheni kutoka Lamu hadi Kigoma. Ilikuwa ya kimitaa. Marekani nzima ilikatwa vipande vipande, kila kipande na mwenyewe: kaskazini mashariki ilikuwa ya Vince McMahon mzee, na kwingineko wakubwa wengine, wengi wao wakifungamana katika umoja ulioundwa mwaka 1948. Aliyevuka mpaka wa mwenzake bila ruhusa alihesabiwa mwizi. Kila mtaa ulikuwa na shujaa wake na adui wake, na watu wakijaza ukumbi kila juma kuona kama shujaa atalipiza kisasi. Aliyesimuliwa na wazee mashindano ya beni ya Mombasa, Kingi kwa Skochi, hana haja ya kuelezwa zaidi. Nguvu za wale watu zilikuwa za kweli na maumivu yao yalikuwa ya kweli. Kilichopangwa ni nani atakayeinuliwa mkono.

Ali mwenyewe alisoma chuo hicho. Mwaka 1961, akiwa kijana wa miaka 19, alikutana Las Vegas na mwanamieleka aliyeitwa Gorgeous George, mtu wa majoho na nywele za dhahabu zilizotengenezwa kama za bibi harusi, ambaye alijisifu mpaka watu wakalipa fedha zao ili waje wamwone akipigwa. Ali akatoka pale na somo alilolitumia maisha yake yote. Wale masheikh wetu waliokuwa wakiulaumu ulimi wake wa majivuno, basi na wamjue mwalimu wake.

Na ulimi huo ndio uliomfikisha Tokyo. Mwezi wa Aprili 1975 alikutana na Ichiro Hatta, mkuu wa chama cha mieleka ya ridhaa cha Japani, akamtania: hakuna mpiganaji yeyote wa Mashariki wa kunikabili? Nitampa dola milioni moja akinishinda. Magazeti ya Japani yakaichapa kauli ile. Ali akaisahau, Inoki hakuisahau. Mwisho wa yote Ali akaahidiwa dola milioni 6.1, na kwa fedha kama hizo mtu hukumbuka hata mzaha alioutoa njiani.

Majuma machache kabla ya kwenda Japani, Ali alijitosa ulingoni Philadelphia mbele ya jitu lililoitwa Gorilla Monsoon. Monsoon akambeba mabegani, akamzungusha kama mjomba anavyomzungusha mpwa wake siku ya Idi, akambwaga. Watu wakacheka, na yote yalikuwa yamepangwa. Ulimwengu ukangoja mchezo wa namna ile ile Tokyo, ila mkubwa zaidi.

Kengele ikalia. Inoki akatoka mbio kutoka pembeni kwake, akajirusha chini na kumpiga Ali teke la mguu. Alipokosa hakuinuka. Akabaki chini, mgongo karibu na sakafu, akijisogeza kama kaa, na kila Ali alipokaribia alipokea teke la muundi, la paja, au la nyuma ya goti. Raundi ya kwanza ikaenda hivyo, na ya pili, na ya tatu, mpaka raundi 15 za dakika tatu tatu zikesha. Ali alizunguka, alipayuka, alimwita mwenzake mwoga anayepigana kama mwanamke kitandani, alipanda juu ya kamba akining'inia ili miguu isifikiwe. Ngumi alizorusha, waliohesabu wanasema ni sita. Bondia aliyeufanya ulimwengu usilale usiku, ngumi sita kwa raundi 15! Refa, Mmarekani Gene LeBell, akatoa hesabu ya sawa kwa sawa, mwamuzi mmoja akampa Inoki, mwingine akampa Ali. Ikawa sare. Watu wa Budokan wakatupa takataka ulingoni wakidai warudishiwe fedha zao.

Kwa nini Inoki alilala? Habari iliyoenea ni kwamba upande wa Ali, ulipoona kwamba Wajapani hawana nia ya maonyesho, ulidai masharti: hapana kumbeba mtu na kumbwaga, hapana kumrukia kiunoni, na hapana teke isipokuwa mguu mmoja au goti liwe limegusa chini. Wako wanaoyapinga baadhi ya maelezo hayo. Lakini kwa anayemtazama Inoki akilala kila mara kabla ya kupiga, ni vigumu kudhani kwamba alipenda sakafu tu. Na hapo ndipo palipo dhuluma kubwa ya siku ile: watazamaji hawakuelezwa masharti. Waliona mtu mzima amelala kwa saa nzima na hawakujua amefungwa na nini.

Sisi tunaotunga mashairi twalijua tatizo hili vizuri. Muyaka wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walirushiana tungo nzito wakati wa vita vya Kuduhu, na mpaka leo twaweza kusema nani alimbana mwenzake wapi, kwa sababu wote wawili walisimama juu ya vina na mizani vinavyojulikana na msikilizaji. Sasa mchukue mmoja umwambie atunge utenzi, na mwingine shairi la mizani kumi na sita, na kila mmoja umkataze neno analolipenda, kisha usiwaambie wasikilizaji. Utapata makelele ya Budokan. Nimewahi kukaa kwenye meza ya kuchagua mashairi ya gazeti, na nimeona malenga wawili wazuri wakionekana wajinga kwa sababu hiyo hiyo.

Haya nayaandika nikiwa Ziwa, nje ya Eldoret kwa njia ya kwendea Kitale, huku kwenye mahindi na ng'ombe wa maziwa, ambako mtu wa Pwani huvaa sweta mbili na bado akaulizia jiko la makaa. Mchezo wa huku ni mbio. Mwanamieleka hapa hana soko kwa watu wazima, ingawa vijana hujazana kwenye vibanda vya video kuwatazama Wamarekani wakirukiana. Jioni moja, katika hoteli ya chai, kijana mwenye hoteli alituwekea mkanda wa pambano hili, raundi zote. Karibu nami alikaa mzee mmoja aliyepata kufundisha vijana kukimbia. Alipoona kofia yangu aliniita Sheikh, na sikumkatalia.

"Sheikh," akaniambia kabla hata kengele haijalia, "mieleka ni uongo. Huku kwetu ni saa inayosema nani ameshinda, na saa haina ndugu."

Nikamwambia atazame kwanza. Mwaka 1976 aliukumbuka kwa sababu nyingine. Majuma matatu tu baada ya Tokyo, Kenya na nchi nyingine nyingi za Afrika zilisusia michezo ya Olimpiki ya Montreal kwa ajili ya timu ya raga ya New Zealand kwenda kucheza Afrika Kusini. Mike Boit, mtoto wa pande hizi, akakosa kukutana na Alberto Juantorena wa Cuba katika mita 800. "Wetu waliokuwa tayari walizuiwa," akasema mzee, "na hawa walikuwa wanalipwa mamilioni kulala chini." Sikuwa na jibu la haraka kwa neno hilo. Nilimkumbusha tu kwamba Kipchoge Keino na Ben Jipcho nao walikwenda Marekani miaka ile ile kukimbia kwa malipo, na hakuna aliyesema mbio zao ni uongo.

Vijana wawili waliinuka raundi ya tatu wakaenda zao. Mzee alibaki. Niligundua kwamba hatazami nyuso wala mikono. Anatazama miguu ya Ali peke yake, kama alivyozoea kuwatazama vijana wake wakizunguka uwanja. Ilipofika raundi ya sita, Ali alipojaribu kulikamata teke, akapigwa mtama, akaanguka, na Inoki akamkalia na kumpa kiwiko, hoteli nzima ilipiga kelele. Mzee hakupiga. Baadaye kidogo watu wa Ali, Angelo Dundee mbele, walisimamisha mambo na kutaka viatu vya Inoki vifungwe plasta kwa sababu vyuma vya kupitishia kamba vilikuwa vikimchana Ali ngozi. Hapo mzee akaweka kikombe chini.

"Mguu wa kushoto umeshakufa," akasema. "Tazama anavyoukanyaga. Huyo kesho hatatembea. Kitu kama hicho hakiigizwi."

Nami nasema huyo ni mwamuzi bora kuliko waandishi wote waliokaa safu ya mbele siku ile. Kwa kweli Ali alitembea, na ndilo lililozidisha madhara. Alipanda ndege kwenda Seoul na Manila kutimiza ahadi, miguu imevimba, kisha akalazwa hospitali California na damu iliyoganda mishipani. Palizungumzwa hata habari ya kukatwa mguu. Mwezi wa Septemba 1976 alirudi ulingoni kupigana na Ken Norton, akashinda kwa pointi ambazo wengi hawakuziamini, na waliomjua kabla wanasema wepesi wa miguu ile haukurudi tena. Ile milioni 6.1 yenyewe hakuipata yote.

Ajabu ni kwamba usiku ule ule, kwa saa za New York, mieleka iliyopangwa ilikuwa nayo inatoza bei yake. Watu zaidi ya elfu 30 walikusanyika uwanja wa Shea kuliona pambano la Tokyo kwenye skrini, na McMahon mzee akawatengezea mengine ya papo kwa papo. André, lile jitu la Kifaransa, alimtupa nje ya kamba bondia Chuck Wepner. Kisha akaingia Bruno Sammartino, bingwa wa mtaa ule, dhidi ya Stan Hansen. Miezi miwili kabla, mwezi wa Aprili, Hansen alimbeba Sammartino vibaya katika Madison Square Garden akamwangusha na kumvunja shingo. Haikukusudiwa, mkono uliteleza. Sammartino alisimulia baadaye kwamba alibembelezwa arudi kabla ya kupona, kwa kuwa tiketi zilikuwa hazinunuliwi. Akarudi. Hansen akakimbia ulingo, watu wakashangilia, na wakaenda nyumbani wakisema wameona kitu cha haki. Walimshangilia mwenye shingo iliyovunjika katika pambano la kupangwa, na wakamzomea mwenye mguu ulioharibika katika pambano lisilopangwa.

Miezi sita baada ya Tokyo, Desemba 1976, Inoki alikwenda Karachi kupigana na Akram Pahalwan, wa ukoo wa Gama Mkubwa, ukoo uliokuwa fahari ya mieleka Bara Hindi nzima. Huko nako mambo yaligeuka ya kweli ulingoni, na Inoki akauvunja mkono wa Akram mbele ya watu wake. Mwaka 1979 akarudi, Lahore, kukutana na Jhara, mtoto wa ndugu yake Akram, kijana mbichi kabisa. Walipofikia mwisho bila mshindi, Inoki aliushika mkono wa kijana akauinua juu. Wapakistani walimsamehe siku ile.

Wako watakaoniuliza: wewe mwenye kusoma chuo, mieleka yakuhusu nini? Yanihusu kwa sababu Sira yenyewe yaitaja. Wapokezi wanasimulia kwamba Rukana, mtu mwenye nguvu kuliko wote Makka, ambaye mgongo wake haukuwahi kugusa ardhi, alimkabili Mtume wetu (S.A.W.) katika mweleka, akaangushwa, akataka tena, akaangushwa tena. Wanazuoni wameizungumza isnadi ya kisa hicho, lakini hakuna mtoto wa chuo asiyekijua. Na katika hadithi iliyo sahihi, Mtume alifundisha kwamba mwenye nguvu hasa ni anayejizuia wakati wa hasira, si yule anayewabwaga watu. Ipo vilevile inayokataza kumpiga mtu usoni. Kwa kipimo hicho, hebu mtazame Ali raundi ya kumi na nne: mguu unawaka, ukumbi unazomea, mbele yake kuna mtu amelala ambaye angeweza kumkanyaga, na hakumkanyaga. Inoki naye alikatwa pointi kwa makosa yake akanyamaza, ingawa bila makato yale ushindi ungekuwa wake. Waliokosa subira ni wale waliokaa kwenye viti. (Suala la kaptura zao na mapaja yaliyo wazi nawaachia masheikh, sina ubishi nao.)

Simwoni Ali kuwa hana lawama. Aliingia katika jambo lile kwa fedha na kwa mzaha, na watu waliomzunguka walikuwa wengi wenye kula na wachache wenye kushauri. Mhariri aliyeandika siku ile kwamba bingwa wa dunia hakupaswa kuwa pale alikuwa na hoja. Ninalolikataa ni kule kusema kwamba kilichotokea kilikuwa uongo. Waliofanya uongo ni waliouza tiketi za maigizo kisha wakaficha masharti. Wale wawili, mara walipoingia ndani ya kamba, hakuna aliyekubali kumwangukia mwenzake kwa makubaliano, ingawa kufanya hivyo kungekuwa rahisi, kungewapendeza watu, na mguu ungesalimika.

Mapambano ya namna hii, ya ngumi dhidi ya kabari, sasa yana majina, sheria zilizoandikwa na mabingwa wake, na vijana wa vibanda vya Ziwa wanawajua kwa majina. Teke lile la muundi walilolicheka Wamarekani mwaka 1976 sasa hufundishwa kama somo la mwanzo. Nawaomba wenye vibanda hivyo wauonyeshe mkanda wa Tokyo mara moja moja, na kabla ya kengele wawasomee watazamaji masharti yanayosimuliwa.

Ali na Inoki walikuwa marafiki baada ya hapo. Mwishoni mwa mwaka 1990, Iraq ilipokuwa imewazuia wageni kabla ya vita vya Ghuba, Ali alikwenda Baghdad mwezi wa Novemba akarudi na Wamarekani 15. Inoki, ambaye alikuwa amechaguliwa mbunge mwaka uliotangulia, alikwenda huko huko kwa ajili ya Wajapani wenzake, nao wakaachiliwa. Yeye mwenyewe alieleza miaka mingi baadaye kwamba katika safari za mwaka huo alifika Karbala, akasilimu, akapewa jina la Muhammad Hussain, ingawa hakuacha kujiita Mbudha pia. Hesabu ya hilo iko kwa Mola wake. Ali alifariki Juni 2016, Inoki Oktoba 2022.

Kinshasa mwaka 1974 watu walimwimbia Ali kwa Kilingala, "Ali, boma ye", yaani muue. Maneno yale yakatiwa katika muziki wa filamu ya maisha yake mwaka 1977, na Ali akampa Inoki muziki huo awe anaingia nao ulingoni, jina lake likiwa mahali pa jina la Ali. Tarehe 4 Aprili 1998 Inoki alipigana mara ya mwisho katika uwanja wa Tokyo Dome, mbele ya umati wa Wajapani. Ali alikuwapo, mikono ikitetemeka kwa maradhi ya Parkinson, na maelfu wale walikuwa wakiimba neno la Kilingala.